Mstari wa Kimeu

Kimeu alikufa mwaka wa tisini na saba, lori la mchanga lilipopinduka naye karibu na Katangi, na Mumo mwanawe akazaliwa mwaka wa elfu mbili na mbili. Ukiona ajabu hapo, basi wewe si mtu wa Masii. Pale Masii hakuna aliyewahi kukaa chini kuihesabu miaka hiyo kwa vidole, na aliyeihesabu aliihesabu kimoyomoyo, akameza.

Mambo yalikuwa hivi. Kimeu alimwacha mjane, Kalondu, bila mtoto hata wa dawa. Wakamba wana njia yao ya kuzuia nyumba isizimike: mjane asiye na mtoto hutoa mahari, mbuzi kwa ng'ombe, akaoa mke. Mke huyo huitwa iweto. Huzaa na mwanamume asiyetajwa, na watoto huwa wa marehemu, kwa jina, kwa shamba na kwa kaburi. Kalondu alimwoa Nduku, na Nduku akamzalia Kimeu watoto wawili, Mumo na Tracy. Nani alipanda mbegu? Hilo haliulizwi. Kitanda hakizai haramu, na mwenye kitanda hapa alikuwa Kimeu, hata kama yeye mwenyewe alikuwa chini ya udongo.

Kavata aliyajua hayo yote kama alivyojua njia ya kwenda kisimani, na ndiyo sababu aliandikwa kazi. Mradi wa utafiti uliofika Masii ulitaka mtu wa hapo hapo, mwenye Kikamba kitamu na adabu ya kukubali uji kabla ya kufungua mkoba. Ulikuwa unatafuta ugonjwa mmoja wa moyo unaorithiwa. Umeme wa moyo huenda kombo: kijana mzima, hana hata kikohozi, anakimbia au anashtuka, na moyo unasimama. Watu walikuwa wakisema amerogwa. Dawa yake ni kidonge kidogo cha kila siku, lakini humezi kidonge mpaka damu ipimwe, na damu haipimwi mpaka ukoo uchorwe.

Kazi ya Kavata ilikuwa kuchora koo. Mraba ni mwanamume, duara ni mwanamke, mstari unaoshuka ni mtoto. Aliyekufa hukatwa kwa mstari wa mshazari. Kando ya kila mfu kulikuwa na kisanduku cha mwaka wa kufa. Aliingia kila boma katika vijiji vitatu akiuliza nani alikufa ghafla akiwa kijana. Ukoo ambao haukuwa na kifo cha namna hiyo uliandikwa "hakuna hatari," faili likafungwa.

Kwa Kalondu alipewa kigoda na bakuli la muthokoi, mahindi ya kukobolewa na maharagwe. Bibi kizee alijibu kila swali wima, kama mtu anayeapishwa.

"Baba ya Mumo?"

"Kimeu."

"Baba ya Tracy?"

"Kimeu." Kalondu alimkazia macho. "Kuna mwingine unamjua wewe?"

"La, mwaitu," Kavata alisema, akimwita mama kwa heshima.

Kavata akauchora mstari kutoka kwa Kimeu hadi kwa Mumo, na mwingine hadi kwa Tracy. Alipofika kwenye kisanduku cha mwaka wa kufa, kalamu ilisita. Angeandika tisini na saba, mtu wa ofisini Machakos angeiona tarehe ya kuzaliwa ya Mumo, angepiga simu, na swali lisiloulizwa lingeulizwa kwa sauti, mbele ya mama mzee aliyetoa ng'ombe wanane ili lisiulizwe. Aliacha kisanduku wazi. Aliona amefanya heshima. Akala muthokoi wake, chini ya karatasi akaandika "hakuna hatari," akamsomea Kalondu, akaaga.

Mwaka mzima ulipita. Ukoo uliopatikana na ugonjwa huo Masii ulikuwa mmoja tu, tena haukuwa wa Wakamba. Ulikuwa wa Wachira, Mkikuyu aliyekuja na marehemu babake Mathenge miaka ya themanini na kufungua duka la vifaa vya ujenzi karibu na soko. Ndugu yake Kimotho alianguka akifukuza mwizi, akiwa na miaka thelathini na mmoja. Dada yake alikufa akicheka, watu walisema, kwenye harusi. Damu ya Wachira ilipopimwa, jeni ile ilikuwemo. Kwake ilikuwa imelala tu, kama inavyofanya kwa wengine bila kueleza sababu. Kati ya watoto wake wawili, bintiye Wangare alikuwa nayo pia, akaanzishiwa vidonge juma hilo hilo.

Kavata alipouona mchoro wa Wachira umekamilika, na alama nyekundu kwenye mraba wake, mara moja alimfikiria Mumo. Kwa sababu Masii nzima ina macho. Mumo alikuwa na masikio ya Wachira, yale yaliyosimama kama vishikio vya sufuria. Alikuwa na mwendo wa Wachira, bega moja mbele. Nduku wakati wa usichana wake aliuza nyanya kwenye baraza ya duka lile. Wote waliona, wote walinyamaza, na Kavata alinyamaza kwa maandishi.

Alikwenda Machakos kumwona Daktari Aloys, mkuu wa mradi, mtu mpole aliyezoea kuvua miwani kila alipotaka kusema jambo zito.

"Daktari, Wachira ana watoto wengine wawili."

"Wako kwa karatasi?"

"Wako kwa karatasi ingine."

Aloys alivua miwani. Alimsikiliza hadi mwisho, hakumgombeza, na hilo lilimuumiza Kavata zaidi. Kisha akamweleza. Matokeo ya Wachira ni mali ya Wachira. Fomu aliyotia sahihi inasema hakuna mtu ataambiwa bila ruhusa yake. Na chupa za damu hutolewa kwa namba ya ukoo wenye mgonjwa. Bila mstari hakuna chupa.

"Ulimsomea hiyo fomu wewe mwenyewe, Kavata. Watu wanatupatia damu kwa sababu wanajua tutafunga mdomo."

"Na hao watoto wakifa?"

"Mimi siwezi kuchora mstari kwa sababu ya porojo za soko. Mwenye siri ni Wachira, ama wenye hiyo nyumba. Mmoja wao aseme, kesho asubuhi niko Masii na sindano. Nitaandikia kamati ya maadili pia."

Aliiandikia kweli. Kamati ilijibu baada ya wiki sita, kwa barua ya adabu sana, ikishauri mtafiti aendelee kumshawishi mshiriki. Hapo ndipo utajua kwamba hata watu wema, wakikaa mezani na kunywa chai ya kutosha, wanaweza kuacha mtu afe bila yeyote kati yao kuvunja sheria.

Kavata alikuwa ameshaanza kushawishi zamani. Alimkuta Wachira dukani akipima misumari.

"Mzee, ile karatasi yako. Daktari anauliza kama watoto ni hao wawili tu."

"Ni hao wawili. Wote mlipima."

"Kama kuna mwingine popote, hata wa zamani, tunaweza kumsaidia. Ni kidonge tu. Hakuna mtu atatangaza."

Wachira aliimwaga misumari, akaipima upya, ile ile. Mkewe Mwihaki alikuwa upande wa pili akimkatia mteja waya. Wachira aliposema, alisema chini kabisa.

"Wewe Kavata, mimi ni mzee wa kanisa. Na huyo mama mzee aliniambia siku ya kwanza, ukitaja, hata mara moja, nitakulaani wewe na kizazi chako. Nimenyamaza hiyo miaka yote. Nimepita huyo kijana kwa barabara nikamsalimia kama mtoto wa watu. Unafikiria ilikuwa rahisi? Sasa leo unataka nianze?"

"Ndiyo, mzee. Leo."

"Ongea na yeye basi. Mimi sina mdomo hapo."

Kwa hiyo alikwenda kwake. Kalondu alikuwa uani akipepeta maharagwe, na Kavata akakaa kando yake, akaanza kutoa mawe bila kuombwa. Kufuli zilikuwa mbili kwenye mlango mmoja: mradi umemkataza kumtaja Wachira, na mila imemkataza kumtaja vilevile. Katikati ya kufuli hizo kulikuwa na Mumo, miaka ishirini na tatu, anayeshona suruali kiwandani EPZ Athi River na kumtumia bibi yake sukari kila mwisho wa mwezi, na Tracy wa kidato cha pili.

"Mwaitu, ile karatasi niliyoandika hapa, nadhani nilikosea."

"Ulikosea nini?"

"Kuna ugonjwa unaokaa katika nyumba fulani. Unapita kwenye damu. Watoto wa nyumba hiyo wote wanafaa kupimwa."

"Nyumba gani?"

Kavata alifungua kinywa, akakifunga. Kalondu aliuacha ungo.

"Huna nyumba ya kutaja," alisema polepole. "Mimi ninayo. Nyumba yangu ni ya Kimeu, na watoto ni wa Kimeu, na nyumba ya Kimeu haina ugonjwa wa moyo. Wewe mwenyewe uliandika. Ulinisomea hapa hapa, ukiwa umeshiba muthokoi wangu."

"Mwaitu, nakuomba..."

"Kimeu alizikwa mara moja. Ukiandika jina lingine hapo, umemzika mara ya pili, na safari hii hakuna wa kumfufua. Mimi ni mzee. Nitaoa tena?"

Kavata aliona vidole vya mama vikitupa maharagwe mazima pamoja na mawe. Aliona pia kwamba mama huyu alikuwa ameelewa, pengine nyumba yenyewe, pengine nusu yake, na kwamba alikuwa na hofu. Laiti angemshika mkono pale pale akambana! Lakini Kavata alilelewa vizuri, na malezi mazuri yana hasara zake. Aliaga.

Hakukata tamaa mara moja, tusimwonee. Jumamosi moja alimngoja Mumo ashuke stendi, begi mgongoni, masikio yake yale yakipitisha jua.

"Sasa, auntie Kavata! Umepotea."

"Niko. Mumo, mambo ya moyo, umewahi kupimwa?"

"Mimi? Niko fiti kabisa. Mwezi wa tisa tuko na sports day, nakimbia mita mia nne. Supavaiza amesema tukishinda line ingine tunapatiwa off siku mbili."

"Pimwa kwanza. Kwa ajili yangu."

"Auntie, kwani umeona nini?"

Hapo ndipo neno lilipokuwa mdomoni. Lilikuwa neno moja tu, na kijana alikuwa mtu mzima, na walikuwa wawili peke yao. Kavata aliona kiapo cha mradi, akaona uso wa Kalondu, akaona kazi yake. Akasema, "Sijaona kitu. Ni vile tu vijana siku hizi wanaanguka."

Mumo akacheka, akaenda kupimwa kwa sababu alikuwa kijana wa kutii. Walimbandika waya kifuani katika zahanati moja Athi River na mashine ikatoa karatasi yenye milima na mabonde yaliyopangika sawa. Alimtumia Kavata picha: "Niko sawa auntie. Asante kwa kunijali."

Kavata alijua kwamba kipimo hicho huweza kusema sawa kwa mtu asiye sawa. Aloys alikuwa amewafundisha mara tatu: mashine humwona mtu anapotulia, damu ndiyo haifichi. Lakini alikuwa amechoka, na ile picha ilikuwa laini, akailalia kama godoro. Alilala usingizi mwema miezi miwili. Baadaye ni usingizi huo aliouchukia kuliko kitu kingine chochote maishani mwake.

Siku ya michezo Mumo alimaliza wa pili. Alishika magoti yake kama wafanyavyo wakimbiaji wote, akainua kichwa amtafute rafiki yake, akaanguka. Walidhani ni jua. Walimmwagia maji na kumpepea kwa fulana, mpaka aliyempepea akaona kwamba anapepea bure.

Nduku ndiye aliyempigia Kavata simu, na hakumlaumu, maana hakujua. "Kavata, mtoto wangu ameenda," alisema. "Ulimwambia apimwe, akapimwa, wakasema ni mzima. Sasa ni nini? Niambie wewe uliyesoma, ni nini?" Kavata alikaa chini jikoni kwake, simu sikioni. Alilia kwa sauti hadi jirani akaja mlangoni. Hakuwa analia kwa msiba tu. Alikuwa amemuua Mumo, ndivyo alivyoona, kwa kisanduku kimoja kilichoachwa wazi na neno moja lililomezwa stendi.

Mazishi yalikuwa Ijumaa. Kaburi lilichimbwa kando ya la Kimeu, chini ya mteremko, hatua moja tu katikati yao. Kwenye karatasi ya ratiba waliandika "mwana mpendwa wa marehemu Kimeu," na mhubiri akasema baba na mwana wamekutana. Kalondu alisimama wima muda wote. Wachira alikuja na Mwihaki na mifuko sita ya saruji ya kujengea kaburi, mchango wa jirani, na akasimama nyuma karibu na mifuko yake kama mtu anayengoja kusainiwa risiti. Jeneza liliposhushwa alivua kofia. Hakutupa udongo. Waliotupa udongo walikuwa ukoo.

Kavata alimtazama Tracy. Alikuwa na miaka kumi na sita na sweta ya shule, na ile namna ya kutembea, bega moja mbele. Kavata akaamua kwamba leo atasema, wamfute kazi, wamlaani, vyovyote iwavyo. Karatasi zote mbili zilikuwa mkobani.

Hakuwahi. Watu walipokuwa wakipakuliwa chakula, Kalondu alimwita kwenye benchi nje ya nyumba. Nduku alikuwepo, macho yamevimba, na Tracy kando yake.

"Umekuja na ile karatasi?"

"Ninayo, mwaitu."

"Itoe."

Kavata aliitandaza kwenye benchi. Upepo uliinua ncha, na Kalondu akaishikilia kwa kiganja. Aliitazama kwa muda mrefu ile miraba na maduara asiyoweza kuyasoma.

"Nionyeshe Mumo."

Kavata akamwonyesha.

"Na huyu msichana?"

"Huyu hapa. Huu ndio mstari wake, unatoka kwa Kimeu."

"Ufute," alisema Kalondu.

Nduku alishtuka. "Mwaitu!"

"Wa Mumo uache. Yeye ameshalala kando ya babake na hakuna mtu atamtoa hapo. Huyu ufute."

"Nikiufuta," Kavata alisema, "ni lazima niuweke mahali pengine. Na jina siwezi kulitaja mimi. Ni lazima litoke kwako."

Kalondu aliinua uso akaangalia mbali, ng'ambo ya wale waliokuwa wakila, hadi penye mifuko ya saruji.

"Nilimchagua mwenyewe," alisema. "Nduku alikuwa na wachumba wa hapa hapa, vijana wazuri, nikawakataa. Mwanamume wa hapa angerudi siku moja, alewe, asimame hapa uani na kudai mtoto. Nikasema nitafute mgeni. Mtu wa duka, mtu wa kanisa, mwenye aibu, ambaye hatarudi kudai kitu. Nikamtafuta, nikampata." Midomo yake ilikuwa mikavu. "Nilichagua vizuri. Hakurudi. Hata mtoto alipokuwa anakufa, hakurudi."

Kisha akasimama, na kwa sauti ile ile aliyomjibia Kavata mwaka uliotangulia, sauti ya mtu anayeapishwa, akaita uani kote: "Wachira wa Mathenge!"

Vijiko vilinyamaza. Mwihaki aliweka sahani yake chini kwenye nyasi, akamgeukia mumewe. Wachira hakukana wala hakusogea. Aliishika kofia yake kwa mikono miwili, akainamisha kichwa, na kila mtu aliyekuwa akijua akajua sasa kwamba wengine pia walijua.

"Andika," Kalondu alisema, akakaa.

Kavata aliandika. Kwenye karatasi ya Wachira alishusha mstari mpya, na mwisho wake akachora duara. Duara likatoka bovu. Tracy alikuwa akifuatisha kalamu kwa macho.

"Susu," alimwambia bibi yake, "kwa hivyo mimi sasa ni wa nani?"

Kalondu alifungua mkono kumshika, kisha hakumshika.

"Kesho utaenda na Kavata utolewe damu," alisema. "Wakikupatia kidonge, utameza mbele yangu kila asubuhi. Ukimaliza kumeza, utaniuliza tena."

Kavata alirudia karatasi ya kwanza. Akaufuta mstari wa Tracy kwa uangalifu. Akaukata mraba wa Mumo kwa mshazari, na kwenye kisanduku kando ya Kimeu, ambacho kilikuwa kimekaa wazi muda wote huo, akaandika 1997. Kalondu alimngoja amalize.

"Sasa hapo Kimeu ana watoto wangapi?"

"Mmoja, mwaitu."

"Mmoja," Kalondu alisema. Aliondoa kiganja chake kwenye karatasi, akainuka, akaenda kuwasaidia wanawake kukusanya sahani.